Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Msafiri atokaye Juba kwenda Nimule huuvuka kwanza Mto Nile, huipita Gumbo, na baada ya mwendo si mrefu hufika Nesitu. Hapo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kandokando ya barabara hiyo, zimo nyumba ambazo baba ni askari naye hayupo. Amepangiwa kazi katika kambi ya mbali, au katika kituo cha polisi cha jimbo jingine, na likizo yake haijulikani itakuja lini. Nyumbani wamebaki mke, watoto, na aghalabu mzee mmoja: mama wa askari, au baba yake, au shangazi aliyemlea.

Ichukuliwe nyumba moja ya namna hiyo kuwa mfano. Ni nyumba ya kubuni, lakini hapana msomaji atakayekosa kuitambua. Jumapili jioni askari anapiga simu.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, baba watoto."

"Watoto je?"

"Hawajambo."

"Nawe?"

"Sijambo. Sote hatujambo."

Hapo salio linakwisha, na askari anarudi kwenye hema lake moyo ukiwa umetulia. Ameuliza, amejibiwa.

Yale ambayo simu haikuyabeba ni haya. Mama mkwe amepita umri wa miaka sabini na mitano. Tangu alipopatwa na kiharusi, mguu wake wa kushoto hauna nguvu, na kwa miezi kadhaa sasa fikira zake zimeanza kupotea njia. Mchana husinzia. Usiku huamka, akajikokota hadi mlangoni, akitafuta shamba la baba yake aliyefariki zamani. Kwa hiyo mkwewe amebuni hila: amechana kitenge kikuukuu, akafunga ncha moja kwenye mlango na ncha ya pili kwenye kifundo cha mkono wake, ili mlango ukivutwa naye aamke. Huamka mara tatu, mara nne. Alfajiri huchota maji, hupika uji wa mtama, humwogesha mzee, hufua matandiko. Biashara yake ya mboga sokoni, ambayo zamani ilichukua siku nzima, sasa imebaki saa mbili tu. Na usiku wa Jumatano iliyopita, alipoamshwa mara ya nne, aliushika mkono wa mzee kwa nguvu kuliko ilivyostahili, akamkemea kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Kisha akakaa chini kizani akalia. Hakumwambia mtu.

Kwa nini basi alijibu "Sijambo"? Hakukusudia kudanganya. Alijibu kama alivyoulizwa. Salamu za Kiswahili zimekwisha kuandaliwa jibu lake kabla ya swali kutoka kinywani. Nazo ndivyo zilivyo katika lugha nyingine za mahali hapo. Sokoni mtu huulizwa kwa Kiarabu cha Juba, "Ita kweis?" naye hujibu "Kweis," hata kama nyumbani kwake pana matanga. Salamu ni adabu njema, na haifai kuachwa. Lakini salamu si kipimo. Mwenye kutaka kujua uzito wa gunia haliulizi gunia kama halijambo, huliweka mizanini.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi, ambayo hata kanda zima likijazwa halimwelemei mchukuzi. Methali hiyo haimsifu anayetazama, bali inamsuta: mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana daima kuwa mwepesi. Basi swali la safu hii wiki hii ni moja tu. Je, mzigo wa mtu anayemtunza mzee waweza kupimwa, ili yule aliye mbali aujue ulivyo hasa?

Jibu ni kwamba waweza, na kazi hiyo imefanywa kwa bidii nchini Japani. Jina la nchi hiyo si geni kwa wakazi wa Juba na Nesitu. Tangu mwaka 2012 hadi Mei 2017, wahandisi wa Jeshi la Kujilinda la Japani walikuwapo Juba chini ya Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, wakitengeneza barabara miongoni mwa kazi nyingine. Na Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, limejengwa kwa msaada wa Japani. Ujenzi ulianza mwaka 2013, ukakatizwa na mapigano ya Desemba mwaka huo na ya Julai 2016, hata daraja likafunguliwa tarehe 19 Mei 2022. Lakini yale yaliyowapata Wajapani wenyewe ndani ya nyumba zao hayajulikani sana huku.

Japani ni miongoni mwa nchi zenye wazee wengi mno duniani. Katika kila watu 100, zaidi ya 29 wamefikia umri wa miaka 65 au kuupita. Heshima kwa wazee ni ada ya kale ya taifa hilo. Tangu mwaka 1966 ipo hata sikukuu ya taifa ya kuwaheshimu wazee, ambayo huadhimishwa mwezi wa Septemba. Kwa muda mrefu, heshima hiyo ilipohitaji mikono ya kuogesha na kulisha, mikono hiyo ilikuwa ya mke wa mtoto mkubwa wa kiume. Ilitarajiwa kwamba atawatunza wakwe zake hadi mwisho wa maisha yao, bila kuchoka na bila kusema. Mwanamke wa Nesitu angesikia habari hiyo asingehitaji kufasiriwa.

Kimya hicho kilianza kuvunjika polepole. Mwaka 1972 mwandishi Sawako Ariyoshi alitoa riwaya iitwayo "Kokotsu no hito", inayomhusu mke mmoja, mwajiriwa wa ofisini, ambaye baba mkwe wake anapotewa na kumbukumbu, na utunzaji wote ukamwangukia yeye. Kitabu hicho kiliuzwa nakala zaidi ya milioni moja, kwa sababu wasomaji waliiona humo nyumba yao wenyewe. Mwaka 1980 familia zilizokuwa na wagonjwa wa aina hiyo zilikutana katika mji wa Kyoto zikaunda chama chao, ili mtunzaji mmoja apate kusema mbele ya watunzaji wenzake yale asiyoweza kuyasema mbele ya wakwe. Na mwaka 2004 serikali iliacha kutumia jina la zamani la ugonjwa huo, lililokuwa na maana ya upumbavu, ikaweka jina jipya lisilomdhalilisha mgonjwa wala nyumba yake.

Kipimo chenyewe kilitoka Marekani. Mwaka huohuo wa 1980, mtaalamu Steven Zarit na wenzake walitoa orodha ya maswali kwa ajili ya watu wanaotunza wazee waliopotewa na kumbukumbu. Hapo mwanzo maswali yalikuwa 29. Baadaye yakapunguzwa kuwa 22. Mwaka 1997 mtafiti Yumiko Arai na wenzake walikiweka kipimo hicho katika Kijapani na kukijaribu kwa watunzaji wa Japani, na mwaka 2003 wakatoa kifupi chake chenye maswali manane tu, ili mwuguzi mwenye haraka naye aweze kukitumia.

Yafaa kueleza jinsi kinavyofanya kazi, maana ndani yake mna busara. Kwanza, hakimwulizi mtunzaji kama anampenda mzee. Swali hilo lina jibu moja tu linalokubalika, kwa hiyo halifai kitu. Badala yake humwuliza mambo ya maisha: kama anakosa wasaa wake mwenyewe, kama afya yake imedhoofika, kama amewahi kuona hasira au aibu akiwa na mzee, kama amejitenga na marafiki, kama anaiogopa kesho. Pili, hakitaki ndiyo wala siyo. Hutaka kujua ni mara ngapi: kamwe, mara chache, baadhi ya nyakati, mara nyingi, au karibu kila wakati. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 4, na jumla ya juu kabisa ni 88. Mtu anayeona haya kusema "nimechoka na mama mkwe" huweza kusema "mara nyingi" bila kujiona kwamba ametoa tusi.

Tatu, kifupi cha Kijapani hutenga mizigo ya aina mbili. Kuna uzito unaotoka katika utunzaji wenyewe, yaani kuona ghadhabu, kubanwa, na kutojua la kufanya. Na kuna uzito wa maisha yaliyokatizwa, yaani kazi iliyoachwa, jamaa wasiotembelewa, ngoma na ibada zisizohudhuriwa. Watu wawili waweza kuwa na jumla moja ya alama, ilhali mmoja anahitaji kufundishwa jinsi ya kumtuliza mzee usiku, na mwingine anahitaji tu mtu wa kumshikia nafasi siku ya soko.

Watafiti waliona jambo la nne pia, ambalo ni haki kulitaja. Mzigo na furaha hukaa katika moyo mmoja. Mtunzaji yuleyule asemaye kwamba halali usiku, husema pia kwamba anaona fahari mzee anapokula akashiba, au anapolitaja jina lake baada ya siku nyingi za kulisahau. Kwa hiyo vilitungwa vipimo vingine vinavyouliza habari za kuridhika. Anayekiri uchovu hajakana upendo. Amesema habari nzima badala ya nusu.

Sasa ifikiriwe habari moja iliyopatikana katika uchunguzi ule wa kwanza wa mwaka 1980. Ulikuwa uchunguzi mdogo, wa wazee 29 na watunzaji wao 29. Watafiti walitazamia kuona kwamba mzee akisumbua zaidi, mtunzaji naye ataelemewa zaidi. Haikuwa hivyo. Jambo lililoambatana na wepesi wa mzigo lilikuwa idadi ya mara ambazo ndugu walikuja kumtembelea mzee. Waliotembelewa mara nyingi walielemewa kidogo. Walioachwa peke yao walielemewa sana. Chunguzi nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba tabia za ugonjwa, hasa zile za usiku, nazo huongeza uzito. Hata hivyo habari ile ya kwanza haijapoteza thamani yake, hasa kwa nyumba isiyo na hospitali kubwa karibu. Ugonjwa wa mzee hauko katika uwezo wa ndugu. Miguu ya ndugu iko katika uwezo wao.

Serikali ya Japani ilipotambua kwamba mke peke yake hawezi, ilipitisha sheria mwaka 1997, na tangu tarehe 1 Aprili 2000 ikaanzisha bima ya kuwatunza wazee. Kila mkazi aliyefikia umri wa miaka 40 huichangia, na nusu ya gharama hutoka katika kodi. Mzee akihitaji msaada, mtumishi wa manispaa huja nyumbani na orodha ya mambo 74 ya kuchunguza: kama mzee aweza kugeuka kitandani, kula mwenyewe, kukumbuka alipo. Kisha mzee huwekwa katika daraja mojawapo kati ya saba, na kwa kadiri ya daraja hiyo hupata mtu wa kumwogesha, au mahali pa kushinda mchana, au kitanda cha siku chache ili mtunzaji apumzike. Wengi hulipa sehemu moja tu katika kumi ya gharama. Fedha taslimu hazitolewi kwa familia. Wapo waliohofu kwamba zikitolewa, mke atafungwa zaidi jikoni na kuambiwa kwamba amekwisha kulipwa.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Japani imemaliza shida. Kila mwaka watu wapatao laki moja huacha kazi zao ili wawatunze jamaa. Katika nyumba ambazo mzee hutunzwa na mtu anayeishi naye, zaidi ya nusu ni mzee anayemtunza mzee mwenziwe. Watunzaji wanaume nao wameongezeka hata kufikia takriban theluthi moja. Na mwaka 2005 ilibidi itungwe sheria ya kuzuia wazee kudhulumiwa. Jina kamili la sheria hiyo lina funzo: linataja kuzuia dhuluma kwa wazee, na papo hapo linataja kuwasaidia wanaowatunza. Watungaji wake walijua kwamba mkono unaomshika mzee kwa nguvu usiku wa manane, mara nyingi ni mkono uliokosa wa kuupokea zamu.

Mambo hayo yote hayawezi kupakiwa katika lori yakaletwa Nesitu. Afrika Mashariki ina hatua zake yenyewe. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya Shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya nayo ina mpango wa fedha kwa wazee wa umri huohuo, na Uganda ina wake ulioanza mwaka 2010. Hizo ni hatua njema. Lakini fedha hizo ni za mzee. Haziulizi usiku wa anayemtunza umekuwaje.

Wazee wa Sudan Kusini nao wana historia yao. Aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na umri wa miaka mitano askari wa Torit walipoasi, Agosti 1955. Vita vya kwanza vilipomalizika mwaka 1972 alikuwa kijana. Mwaka 1983 vita vilianza upya, vikamwacha mwaka 2005 akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitano. Aliona uhuru tarehe 9 Julai 2011, na baada ya miaka miwili na nusu akasikia tena milio ya risasi. Wengi wa wazee hao walilea wajukuu katika kambi za wakimbizi za Uganda na Kenya, ambako baadhi ya vijana wa leo walikipata Kiswahili chao. Kuwatunza si hisani, ni deni. Lakini deni la ukoo mzima halilipwi na mtu mmoja kwa usingizi wake.

Askari, kuliko mtu mwingine, anapaswa kulielewa jambo hili, kwa kuwa kazi yake yote ni ya vipimo na zamu. Kamanda akiuliza hali ya kikosi haridhiki na "hatujambo". Hutaka kujua wangapi wapo, wangapi wagonjwa, maji ni madumu mangapi, risasi ni ngapi. Na mlinzi hawekwi lindoni usiku kucha kwa siku saba mfululizo. Akiwekwa hivyo atasinzia, au atampiga risasi rafiki akidhani ni adui, na lawama itakuwa ya aliyepanga zamu. Basi mke wa Nesitu mwenye kamba ya kitenge mkononi ni mlinzi aliye lindoni kwa miezi kadhaa, na hakuna aliyekuja kumpokea.

Yafuatayo ni maswali sita ambayo askari au polisi aliye mbali aweza kuyauliza kwa simu, mara moja kwa wiki. Hayakunakiliwa katika kipimo cha wataalamu, wala hayachukui nafasi ya mganga. Ni mizani ya nyumbani.

La kwanza: katika siku saba zilizopita, ni mara ngapi umelala tangu usiku hadi alfajiri bila kuamshwa?

La pili: ni siku ngapi ulipata angalau saa moja ya shughuli yako mwenyewe, iwe ni soko, kanisa, msikiti, kusukwa nywele, au kukaa tu kivulini?

La tatu: ni siku ngapi mwili ulikuuma, mgongo au kichwa, nawe ukaendelea na kazi?

La nne: ni mara ngapi hasira ilikushika hata ukauogopa mkono wako au ulimi wako?

La tano: ni mara ngapi mtu mwingine wa ukoo alifika, akakaa na mzee, wala si kusalimu na kupita?

La sita: ni jambo gani la wiki hii, katika kumtunza mzee, lililokufurahisha?

Matano ya kwanza hujibiwa kwa hesabu. Asiyejua kuandika aweza kutumia punje za maharage na vikombe vitano, kikombe kimoja kwa kila swali: kila jambo linapotokea, punje moja hutiwa kikombeni, na Jumapili huhesabiwa. Mume naye aandike hesabu hizo katika daftari lake. Hesabu ya wiki moja haisemi mengi. Ya wiki nne husema: huonyesha kama mzigo unapanda, unashuka, au umesimama. Kwa maswali ya kwanza, la pili na la tano, punje nyingi ni heri. Kwa la tatu na la nne, punje nyingi ni onyo.

Yako masharti ambayo yasipofuatwa kazi yote itaharibika. Mtunzaji aulizwe akiwa peke yake, si mbele ya mzee wala mawifi. Akisema kwamba hasira ilimshika, asikaripiwe. Mume akifoka mara moja tu, Jumapili zote zitakazofuata jibu litakuwa "Sijambo". Na baada ya kila hesabu lifanywe jambo moja, hata kama ni dogo. Mgonjwa anayepimwa homa kila siku bila kupewa dawa huacha kutoa mkono.

Jambo la kufanya aghalabu lipo karibu. Mdogo wa askari anayekaa Gumbo aweza kulala Nesitu usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa; hahitaji kuwa mwuguzi, yatosha aamke. Dada yake aweza kushika Jumamosi, ili mwenye biashara aende sokoni tangu asubuhi. Watoto wakubwa waweza kuchota maji. Ndugu aliye mbali mno atoe fedha za sabuni na mafuta. Kila mmoja apewe siku yake kwa jina, maana ahadi ya "nitakuja nikipata nafasi" haina mwenyewe.

Mtunzaji naye ajue mambo machache ya kumpunguzia kazi. Mzee akaaye kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda. Anayetangatanga usiku apewe kazi nyepesi mchana, kama kupembua nafaka au kukaa juani asubuhi, ili usingizi usimwishie mchana. Akitafuta shamba la baba yake, haifai kubishana naye kwamba baba alikwisha kufa. Ni afadhali kumwuliza shamba hilo lilipandwa nini, akaeleza, akatulia, akarudi kulala. Na mzee ambaye jana alikuwa na fahamu, leo akaanza kuweweseka ghafla, asiambiwe kwamba ni uzee. Yaweza kuwa malaria, au uambukizo wa njia ya mkojo, au upungufu wa maji mwilini; apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.

Makamanda nao wana sehemu yao. Katika vikao vya askari huulizwa habari za mishahara na sare. Si vigumu kuongeza swali moja: ni askari gani ambaye nyumbani kwake yupo mzee asiyejiweza, na ni nani anayemtunza? Likizo ya siku tatu inayotolewa kwa wakati wake yaweza kuokoa nyumba ambayo likizo ya mwezi mmoja iliyochelewa haiwezi kuijenga tena.

Na tuseme kwamba Jumapili iliyofuata askari wa mfano wetu alipiga simu tena. Alisalimu kama kawaida, akajibiwa kama kawaida. Kisha akauliza, "Mama watoto, wiki hii umelala mara ngapi bila kuamshwa?" Upande wa pili pakawa kimya, hata akadhani mtandao umekatika.

"Hata mara moja," mkewe akasema.

Akaendelea hadi swali la nne, na hapo akamweleza habari ya Jumatano, na mkono wa mzee, na kulia kizani. Askari hakufoka. Alisema, "Pole. Kosa ni langu, sikukuuliza." Kisha akaomba salio kwa rafiki, akampigia mdogo wake wa Gumbo.

Mwezi mmoja baadaye daftari lilikuwa na hesabu nyingine. Mzee hakupona, bado analitafuta shamba la baba yake. Mgongo wa mtunzaji bado unauma siku nne katika saba. Lakini kikombe cha usingizi kina punje mbili, ambazo ni usiku wa Jumanne na usiku wa Ijumaa, na katika usiku hizo ncha ya pili ya kitenge imefungwa kwenye mkono wa shemeji.

Msomaji uliye mbali na nyumbani, kabla gazeti hili halijafungiwa vitumbua, ing'oe sehemu ya maswali sita uiweke mfukoni. Jumapili hii, salamu zikiisha, anza na la kwanza.